Tumbo na Ubongo wa Mutoto: Mafundisho juu ya Muhogo Muchungu na Ugonjwa wa Konzo



Mukija kwa kliniki, tunapima uzito wa mutoto, tunatazama macho yake, tunamupa chanjo, kiisha tunawauliza: «Anakula nini? Anaharisha? Choo yake iko namna gani?» Wamama wengine wanacheka. Wanasema: «Mimi nilileta mutoto sababu miguu yake haina nguvu, na munganga ananiuliza maneno ya tumbo!»

Tunauliza vile kwa sababu tumbo, nguvu ya mwili ya kujikinga, na ubongo ni kama nyumba tatu katika kiwanja kimoja. Moto ukiwaka katika nyumba moja, moshi unaingia katika zile mbili. Katika mafundisho haya tutaona jambo hilo kwa njia ya ugonjwa mumoja unaojulikana sana katika inchi yetu ya Congo, ugonjwa unaoingia kwa kinywa, unapita tumboni, na unaharibu mishipa inayoongoza miguu. Jina lake ni konzo. Haina dawa ya kuiponyesha. Lakini mama anaweza kuizuia kabisa, kwa maji, jua na mukeka.

1. TUMBO SI MUFUKO TU

Watu wengi wanafikiri tumbo ni mufuko wa kuwekea chakula. Si vile. Tumbo na matumbo yanafanya kazi tatu kubwa.

Kazi ya kwanza ni kugeuza chakula kipate kuwa damu, nyama na nguvu. Matumbo hayafanyi kazi hiyo peke yao. Ndani yao munaishi mikrobe nyingi kupita hesabu. Musiogope neno hilo. Mikrobe nyingine ni adui, kama zile zinazoleta kuharisha damu ao kipindupindu. Lakini nyingi ni wasaidizi. Zinavunja chakula ambacho mwili wenyewe hauwezi kukivunja, na zinakalia nafasi ili adui wasipate kiti. Katika maziwa ya mama muna sukari nyingine ambazo mutoto mwenyewe hawezi kuzitumia. Ni chakula cha mikrobe nzuri za tumbo lake. Basi, mama anayenyonyesha analisha mutoto na wasaidizi wake pamoja.

Kazi ya pili ni kulinda. Tumbo ni mulango wa mwili. Kila siku vitu vya inje vinaingia pale: chakula, maji, udongo wa vidole vya mutoto. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya askari wa mwili wanakaa karibu na matumbo. Wanajifunza kujua nani ni rafiki na nani ni adui. Chanjo ya polio ya matone tunaitia kinywani kwa sababu hiyo: tunataka askari wa tumbo waione na waijue. Mutoto anayeharisha mara kwa mara, ngozi ya ndani ya matumbo yake inachakaa. Chakula hakiingii vizuri katika damu, na hata chanjo ya matone inaweza kukosa nguvu yake yote.

Kazi ya tatu, tumbo linasemezana na ubongo. Kuna mushipa murefu unaotoka katika ubongo, unapita shingoni na kifuani, na kufika tumboni. Kwa njia hiyo habari zinakwenda na kurudi. Ninyi wenyewe munajua: mutu akipata habari ya kifo, tumbo linamukata, mwanafunzi akiogopa mutihani, anakimbia chooni. Na njia nyingine ni damu. Kitu kinachoingia tumboni kinaweza kufika katika ubongo kwa damu: kizuri kinajenga, kibaya kinabomoa.

2. KONZO NI NINI?

Konzo ni neno la Kiyaka, luga ya watu wa Kwango, mangaribi ya inchi yetu. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Munganga Trolli, mutu wa Italia, aliandika juu ya ugonjwa huu katika mwaka 1938. Lakini wenyeji walikuwa wameujua na kuupa jina mbele yake.

Ugonjwa unafika kwa gafula. Leo mutoto anacheza. Kesho, ao nyuma ya siku mbili tatu, hawezi kusimama sawasawa. Mara nyingi unamushika mutu siku aliyotembea sana ao kufanya kazi nguvu. Dalili zake ni hizi:

– Miguu yote miwili inashikwa, si mumoja.
– Miguu inakaza, inakuwa migumu kama miti. Mugonjwa anatembea kwa vidole, magoti yanagusana.
– Hakuna homa kubwa.
– Wengine wanashindwa kusema vizuri, ao macho yao hayaoni wazi kwa muda.

Wengine wanatembea bila fimbo, lakini vibaya. Wengine wanahitaji fimbo moja ao mbili. Wengine hawatembei tena, wanajikokota chini. Konzo haiendelei kukua kila mwaka, lakini haiondoki. Na mutu akiendelea kula sumu ile, inaweza kumupiga mara ya pili, naye anakuwa mubaya zaidi.

Nani wanashikwa zaidi? Ni watoto waliokwisha kuacha kunyonya, na wamama wenye umri wa kuzaa. Watoto wanaonyonya, wasiotimiza miaka 2, kwa desturi hawashikwi. Hiyo ni sababu moja tena ya kunyonyesha mutoto mupaka atimize miaka 2.

Musichanganye konzo na polio. Polio inakuja na homa, na muguu unalegea, unakuwa mwembamba, mara nyingi upande mumoja. Konzo inakaza miguu miwili. Lakini kupambanua si kazi yenu. Mutoto akilemala kwa gafula, kwa namna yoyote, mumulete kwa kituo cha afya siku ile ile.

3. SUMU INATOKA WAPI?

Muhogo ni chakula chetu. Bila muhogo jamaa nyingi za Congo zingekufa njaa. Hatusemi muache muhogo. Tunasema muujue.

Kuna muhogo mutamu na muhogo muchungu. Watu wanapanda ule muchungu kwa akili: unazaa hata katika udongo mubaya, nyama wa pori hawaupendi, na mwizi hawezi kuungoa na kuula palepale. Uchungu ule ni ulinzi wa muhogo. Ndani yake muna kitu kinachoweza kugeuka kuwa sumu kali inayoitwa siyanure. Wakati wa jua kali na ukosefu wa mvua, sumu inazidi.

Wamama wa zamani walijua kuitoa. Walitoa maganda, wakaloweka mihogo majini siku tatu ao zaidi mupaka ikalegea, wakaianika, kiisha wakaisaga. Majini mihogo inaoza kidogo, inafunguka, na sumu inatoka katika maji na katika hewa.

Wamama wengine wanasema: «Moto unaua sumu yote.» Si kweli. Kitu kile katika muhogo hakiogopi moto. Muhogo muchungu uliopikwa bila kulowekwa unabaki na sumu yake. Unga mubaya ukipikwa bugali, bugali ni mubaya vilevile.

Mwili nao una njia ya kujitetea. Unageuza sumu kuwa kitu kisicho na nguvu nyingi, kiisha unaitoa kwa mukojo. Lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka katika vyakula vya kujenga mwili: samaki, nyama, mayai, maziwa, na kwa kiasi kidogo maharagi na nafaka. Jamaa inayokula bugali ya muhogo na sombe tu, asubui na magaribi, mwezi kwa mwezi, haina salfa ya kutosha. Sumu inaingia nyingi, kinga ni kidogo. Hapo konzo inapata njia.

4. MIKROBE ZA TUMBO NAZO ZIMO

Kuna jambo moja lililosumbua wanganga muda murefu. Katika kijiji kimoja, nyumba mbili zinakula unga wa shamba moja. Mutoto wa huku analemala, wa kule hapana. Juu ya nini?

Wachunguzi wa Congo na wa Marekani walitafuta jibu katika choo ya watoto. Walichunguza watu 180: wengine wa Kinshasa, wengine wa Masimanimba, wengine wa Kahemba katika Kwango, ambapo konzo imelemaza watu wengi. Habari hiyo ilitangazwa katika mwaka 2021. Waliona kwamba mikrobe za tumbo hazifanani. Kuna mikrobe zinazoweza kuvunja kile kitu cha muhogo na kufungua sumu ndani ya tumbo. Kuna mikrobe nyingine zinazosaidia kuigeuza sumu ile isiwe na nguvu. Kwa watoto wenye konzo, uwezo wa kufungua sumu ulikuwa mwingi, na uwezo wa kuituliza ulikuwa kidogo.

Sasa angalieni vizuri, wamama. Muhogo ukiloweka siku tatu, unavunjika na kufungua sumu yake ndani ya maji. Usipoloweka, kazi ileile ya kuvunja itafanywa na mikrobe ndani ya tumbo la mutoto. Sumu itafunguliwa tu, huku ao kule. Ni heri ifunguliwe mutoni, iende na maji, kuliko kufunguliwa tumboni, iende na damu.

Uchunguzi huo haujatoa dawa ya kunywa. Mutu akiwauzia vidonge ao mizizi na kusema vinatengeneza tumbo ili konzo iondoke, anawaibia feza. Tena, musinunue ovyo sokoni vidonge vya kuua mikrobe. Vidonge vile vinaua adui na wasaidizi pamoja, na tumbo la mutoto linabaki kama shamba lisilo na mulinzi.

5. HATA MUTOTO ANAYETEMBEA

Wamama wengine wanasema: «Watoto wangu wanatembea vizuri, konzo haituhusu.» Musiseme vile haraka.

Wachunguzi walipima akili na mikono ya watoto wa Kahemba, na kutangaza habari katika mwaka 2013. Watoto wenye konzo walikuwa na shida ya kukumbuka na kujifunza. Lakini hata watoto wa vijiji vilevile wasio na konzo, wanaotembea na kukimbia, walikuwa nyuma ya watoto wa mahali ambapo konzo haikuwako. Maana yake sumu ndogo ndogo ya kila siku inaweza kugusa ubongo bila kulemaza miguu. Mutoto anashindwa masomo, mwalimu anamuita muvivu, baba anamupiga, na kumbe chanzo ni unga ulioharakishwa.

Na kuna habari ya karibu na sisi, ya kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Katika miaka ya 1960 wanganga wa Ubelgiji, pamoja na kituo cha uchunguzi cha Lwiro, waliona kwamba upande wa kaskazini wa Idjwi watu wengi sana walikuwa na rovu, yaani uvimbe wa shingo, na watoto wengine walizaliwa na ubongo usiokua. Kusini-mangaribi, rovu ilikuwa kidogo. Lakini yodi ilikosekana pande zote mbili! Walipotafuta zaidi waliona kwamba muhogo ulikuwa na sehemu yake: kile kitu ambacho mwili unafanya ili kutuliza sumu ya muhogo kinazuia yodi isiingie katika tezi ya shingo. Mama mwenye mimba akikosa yodi, ubongo wa mutoto unateseka mbele hajazaliwa.

Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 inchi yetu imefanya bidii ili chumvi ya kuuzwa iwe na yodi. Mama, nunua chumvi yenye yodi, iweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na maji.

6. KWA NINI WACHUNGUZI WANATOKA KATIKA INCHI YETU?

Zamani wachunguzi walitoka ngambo, wakachukua damu na mikojo, wakaenda. Habari ilirudi nyuma ya miaka mingi, katika luga ambayo mama wa kijiji hawezi kusoma. Leo kuna Wakongomani waliofundishwa kazi hiyo. Munganga Désiré Tshala-Katumbay, mutu wa Congo, munganga wa ubongo na mishipa, amefuata konzo miaka mingi, na amefanya kazi pamoja na chuo kikuu cha Kinshasa na INRB, nyumba ya serikali ya uchunguzi wa magonjwa iliyo Kinshasa. Munganga Banea wa mupango wa taifa wa chakula bora, PRONANUT, aliuchunguza ugonjwa huu tangu miaka ya 1980.

Kufundisha mutoto wa inchi kazi ya uchunguzi kuna faida kubwa. Anajua kwamba bugali si chakula kingine tu, ni chakula chenyewe. Anajua kumuuliza mama kwa heshima. Na kazi ikiisha, anabaki.

Kama mutu anakuja kwa kliniki na kuomba choo, mukojo ao damu ya mutoto wako kwa uchunguzi, uko na haki ya kuuliza maneno manne: Munatafuta nini? Mutoto wangu ataumia? Majibu nitayapata namna gani? Nikikataa, mutoto ataendelea kutunzwa? Jibu la ulizo la nne lazima liwe ndiyo. Ukikubali, ukubali kwa moyo. Ukikataa, hakuna mutu wa kukugombeza.

7. BARABARA, SOKO, VITA NA SERIKALI

Konzo si kosa la mama muvivu. Tuone mambo yaliyotokea.

Upande wa Bandundu, katika miaka ya 1970 barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilitengenezwa. Wachuuzi walikuja na magari makubwa kununua mihogo. Watu waliharakisha ili kuuza mingi. Mihogo iliyolowekwa siku tatu ikalowekwa siku moja tu. Barabara ilileta feza, lakini ilileta konzo pia, kwa sababu hakuna mutu aliyewaambia watu hatari ya kupunguza siku.

Katika Msumbiji, mwaka 1981, mvua ilikosekana katika jimbo la Nampula. Njaa iliingia, watu wakala muhogo muchungu bila kungoja. Watu 1.102, wengi wao wamama na watoto, walilemala. Kule waliuita ugonjwa huu mantakassa.

Na huku kwetu, Kivu ya Kusini, wanganga walitangaza katika mwaka 2011 kwamba konzo imeonekana. Vita iliondoa watu katika mashamba yao, kuku na mbuzi waliibiwa, samaki na nyama vikakosekana. Mutu anayekimbia hawezi kungoja siku tatu kando ya muto.

Kwa hiyo serikali nayo iko na kazi yake. Shirika la Chakula la Ulimwengu, FAO, na Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, wameweka kipimo: unga wa muhogo usipite miligramu 10 za siyanure katika kilo moja. Lakini kipimo cha karatasi hakilindi mutu kama hakuna anayepima unga sokoni. Wakubwa wa afya, wa kilimo na wa masomo wanapaswa kusikilizana: huyu afundishe kuloweka, huyu alete mbegu za muhogo usio na sumu nyingi pamoja na maharagi na karanga, huyu aangalie watoto mashuleni. Na vyama vya wamama viwakumbushe wakubwa maneno hayo bila kuchoka.

8. NAMNA YA KUFANYA

A. Kuloweka
Toa maganda yote. Loweka mihogo majini siku tatu kamili ao zaidi, mupaka ilegee kabisa. Wakati wa baridi ongeza siku. Anika juani ikauke vizuri, kiisha saga. Usiuze wala usinunue mihogo ya siku moja.

B. Kulowanisha unga
Hii ni njia ya kuongeza juu ya ile ya kwanza, hasa wakati wa njaa ao kama haujui unga ulitoka wapi. Profesa Bradbury wa Australia ndiye aliyeitengeneza. Tangu mwaka 2010 wamama wa kijiji cha Kay Kalenge, upande wa Popokabaka, waliifuata pamoja na PRONANUT, na muda waliofuatwa hapakuwa na mugonjwa mupya wa konzo. Fanya hivi:

1. Tia unga katika beseni, usawazishe, uweke alama ndani ya beseni pale unga unapofika.
2. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Endelea mupaka upande tena na kufika kwa alama.
3. Tandaza unga ule juu ya mukeka safi, wembamba, usipite unene wa ukucha wa kidole kidogo.
4. Acha juani saa mbili, ao kivulini saa tano. Uwe inje, penye hewa, mbali na kuku na watoto.
5. Pika bugali siku ile ile. Unga uliolowana haungojei kesho, unaharibika.

Sumu itapungua mara tatu mupaka mara sita. Tazama: haikuombi kuni, haikuombi feza, inaomba maji, mukeka na saa chache. Wakati unga unakaa juani unaweza kuosha nguo ao kulima bustani.

C. Kuchanganya chakula
Bugali ya muhogo isitembee peke yake. Changanya unga wa muhogo na wa mahindi. Kando yake weka ndagala, sambaza, yai, maharagi, karanga ao soya. Kiganja kimoja cha ndagala zilizosagwa katika mboga ya mutoto ni dawa kuliko sindano. Usiuze mayai yote ili kununua sukari. Na katika kugawa chakula, usimupe baba samaki wote na kuwaachia watoto muchuzi. Wanaoshikwa na konzo zaidi ni watoto na wewe mwenyewe.

D. Sombe
Majani ya muhogo nayo yako na sumu. Yatwange sana, yapike muda murefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni.

E. Kulinda tumbo
Nyonyesha maziwa ya kwanza, yale ya manjano, usiyamwage. Mupe mutoto maziwa tu mupaka miezi 6. Nawa mikono kwa sabuni nyuma ya choo na mbele ya kupika. Kunywa maji yaliyochemuka. Mutoto akiharisha, mupe maji ya chumvi na sukari ya kliniki, uendelee kumunyonyesha na kumulisha. Mulete kuchanjwa siku iliyoandikwa katika karte yake.

9. MAULIZO YA WAMAMA

«Majirani wanasema mutoto wangu amelogwa.»
Hapana. Konzo ni sumu ya chakula. Haikutumwa na bibi, wala na mke mwenza, wala na jirani. Ugonjwa umekwisha kufunga miguu ya mutoto. Musiruhusu maneno ya uchawi yavunje nyumba na kufukuza wazee. Pesa munayotaka kupeleka kwa mupiga ramuli, nunueni ndagala.

«Kama haina dawa, kwa nini nimulete?»
Ili tuhakikishe si polio wala ugonjwa mwingine wenye dawa. Ili tumufundishe kunyoosha miguu kila siku, tumupimie fimbo. Ili tuwatembelee watu wengine wa nyumba, maana sumu iko katika chungu cha wote. Mugonjwa mumoja ni kengele kwa kijiji kizima.

«Mutoto mwenye konzo aende shuleni?»
Aende. Miguu imefungwa, si maisha yake. Musimufiche ndani.

«Maji ni mbali, namna gani kuloweka?»
Wamama washirikiane. Chimbeni shimo moja la kulowekea karibu na muto, chini ya pale munapochota maji ya kunywa, mupangiane siku. Na njia ya kulowanisha unga inahitaji maji kidogo tu.

KUMBUKA

1. Muhogo muchungu bila kulowekwa siku tatu ni sumu.
2. Moto peke yake hautoi sumu.
3. Bugali na samaki, bugali na maharagi. Si bugali peke yake.
4. Tumbo safi linalinda mwili na ubongo.
5. Miguu ikikaza kwa gafula, njoo siku ile ile.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA KIKUNDI

– Katika kijiji chetu watu wanaloweka mihogo siku ngapi? Zamani ilikuwa ngapi? Nini ilibadilisha?
– Nani katika nyumba yetu anakula samaki kidogo kuliko wote?
– Kuna mutoto aliyefichwa sababu ya miguu? Tutamufikia namna gani?

Mama, ukirudi nyumbani leo, funua mufuko wa unga wako, uulize: huu ulilowekwa siku ngapi? Kama haujui, tafuta beseni na mukeka mbele ya kuwasha moto.